Daftari nilishika mimi

Usiku ule wa Agosti 2024 simu zililia karibu kwa pamoja pale kijiweni kwetu, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani. Mkeka umetoka. Kwa msomaji aliyekaa mbali na mambo haya, mkeka ni ile karatasi ya Ikulu yenye majina ya walioteuliwa na ambao uteuzi wao umetenguliwa. Zamani ulisubiriwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Siku hizi unakuja kwenye WhatsApp ukiwa picha, na anayeupata wa kwanza hujiona ana ndugu Dodoma. Muuza kahawa alisimama na birika lake. Mwalimu, ambaye tangu astaafu kazi yake ni kutusomea mambo kwa sauti, akavaa miwani.

Alipofika Wizara ya Afya akapunguza mwendo. Ummy Mwalimu, mbunge wetu wa Tanga Mjini wakati ule, ametoka. Wiki tatu na siku kadhaa nyuma, Julai 21, January Makamba wa Bumbuli alikuwa ametolewa Mambo ya Nje. Mkoa mmoja, mawaziri wawili, na mwezi haujatimia. Mkeka huohuo uliomtoa wa kwetu ukawarudisha William Lukuvi na Profesa Palamagamba Kabudi, ambao Januari 2022 walikuwa wameachwa nje.

"Maji kujaa, maji kupwa," akasema mmoja wa wacheza bao, bila kuinua macho.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeuliza. "Kwani walikosa nini?"

Hakuna aliyejibu, maana karatasi haikusema, na karatasi hizi hazina desturi ya kusema. Mwalimu akajaribu kumpoza: kutenguliwa si adhabu, mamlaka ya uteuzi inapanga safu yake. Yule kijana hakupoa. "Haya, kama waliotoka hawakukosa, waliobaki wamepatia nini?"

Hapo kijiwe kikapasuka mapande mawili kama kawaida yake. Wa upande huu wakasema waziri ni mtu wa Rais, akishateuliwa asimame na aliyemteua, vinginevyo kila mmoja atavuta kamba yake na jahazi litakwenda mwamba. Wa upande ule wakasema tumechoka na mawaziri wanaosifu mpaka mvua, tunataka watu wa kumwambia mkubwa ukweli. Mimi nilinyamaza. Nina sababu yangu ya kunyamaza mazungumzo ya namna hii yanapoanza, nitaifikia.

Nadhani sehemu ya ugomvi wetu imeletwa na lugha yenyewe. Tunaposema mwaminifu, tunasema watu wawili kwa neno moja. Mwaminifu ni anayekurudishia pochi yako na hela zote zimo. Mwaminifu pia ni asiyemwacha bwana wake, hata bwana akiwa hajui aendako. Katika siasa tumemkuza huyu wa pili mpaka wa kwanza amesahaulika, ilhali wa kwanza ndiye mwenye neno. Uaminifu, imani na amana ni watoto wa mama mmoja. Mwaminifu ni mtu anayeweza kuwekewa amana.

Mama yangu aliwahi kuwekewa herini za dhahabu na binti wa jirani aliyekwenda kuolewa Mombasa. Alizitia kwenye kopo la biskuti, kopo akalifunga kwenye kanga, kanga ikaingia sandukuni. Mwaka wa pili kaka wa yule binti akaja. Dada yake ana shida, amemtuma. Mama akamkaribisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Baba, aliyeniwekea ni yeye. Aje yeye au aniandikie." Kaka mtu akaondoka amenuna, akatangaza mtaa mzima kwamba mama hana imani na watu. Miezi ilipita kabla ya yule binti kuja mwenyewe, na hakuwa amemtuma mtu.

Basi swali la kumuuliza waziri, kwa kipimo cha mama, lingekuwa moja: nani kakuwekea?

Katiba yetu ya 1977 ina jibu, ila ni jibu lenye vyumba vingi. Ibara ya 8 inasema mamlaka yote yanatoka kwa wananchi. Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge, na anayewateua ni Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Ibara ya 56 inasema waziri hashiki madaraka mpaka aape kwanza mbele ya Rais, na kiapo chenyewe kinaitwa hivyohivyo, kiapo cha uaminifu. Ibara ya 54 inaliita Baraza la Mawaziri chombo kikuu cha kumshauri Rais. Na ibara ya 37, ambayo watu hawaisomi sana, inasema Rais yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Kwa hiyo ukitafuta neno "huru" katika uhusiano wa Rais na washauri wake utalikuta. Ni la Rais.

Waziri naye ana kamba tatu shingoni. Moja inashikwa na Rais. Ya pili ni ya chama, kwa sababu mbunge akikosa uanachama anakosa na ubunge. Ya tatu ni ya wapiga kura wa jimboni, na hii ndiyo ingemletea jeuri kidogo, angeweza kusema mimi nimetumwa na watu wa Bumbuli au wa Tanga Mjini. Lakini jina lake kwenye karatasi ya kura limepitishwa na chama, na mwenyekiti wa chama ndiye Rais. Ukizifuata kamba zote tatu mpaka mwisho unakuta mkono mmoja umezishika mbili, na kidole kimegusa ya tatu.

Hata hivyo wapo waliosema hapana. Nawafikiria wawili kila mara, kwa sababu walitoka karibu wakati mmoja na kwa milango tofauti kabisa.

Wa kwanza ni Edwin Mtei. Alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kuanzia 1966, na mwaka 1977 akawa Waziri wa Fedha. Ilipofika 1979 nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, mafuta yamepanda bei duniani, fedha za kigeni zimekauka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja na masharti yake, kubwa likiwa kushusha thamani ya shilingi. Mtei aliona hakuna njia isipokuwa kuzungumza nao. Mwalimu Nyerere aliona huo ni mlango wa nchi kuendeshwa kutoka Washington. Mtei akajiuzulu.

Nimekulia katika hadithi za miaka iliyofuata. Mama alikuwa akipanga foleni duka la kaya kwa ajili ya sukari na sabuni ya mche, na akifika dirishani anaambiwa sabuni imekwisha, chukua viberiti. Mwaka 1986, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi, serikali ikatia saini na shirika lilelile. Miaka saba. Ningependa kusema tu kwamba Mtei alikuwa sahihi na mambo yakaishia hapo, lakini hapa Tanga nakutana na wazee waliofanya kazi viwandani ambao watakwambia kilichokuja na masharti hayo: watu kupunguzwa kazini, kiwanda cha mbolea kimya, mageti yenye kutu. Inawezekana mshauri alikuwa sahihi kuhusu shilingi na bosi alikuwa sahihi kuhusu Washington. Ninachokishika ni kitu kidogo zaidi. Mtei alisema ndani, hakusikilizwa, akaona hawezi kutoka nje kuitetea sera asiyoiamini, akarudisha funguo. Hakukaa akaihujumu kimyakimya. Na alikuwa na pa kwenda: alikuwa na taaluma yake, baadaye akawa mkurugenzi katika shirika hilohilo la fedha, akalima kahawa Tengeru, na vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 akaanzisha chama chake, Chadema.

Wa pili ni huyohuyo Mwinyi. Mwaka 1976, katika msako wa mauaji ya vikongwe mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa ameshika fimbo wala kutoa amri, lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na mapema 1977 akajiuzulu. Akapelekwa ubalozi Misri. Akarudi, akapewa uwaziri tena, Januari 1984 akawa Rais wa Zanzibar, Novemba 1985 akaapishwa Rais wa Muungano.

Watu huitaja habari ya Mwinyi kama mfano wa uwajibikaji, na ni kweli. Mimi naiona pia kama mfano wa adabu ya kutoka. Alitoka kwa kujitwika lawama, hakumwachia aliyemteua. Mlango wa namna hiyo haufungwi na komeo. Linganisha na Oscar Kambona, aliyekuwa waziri na mtu wa karibu sana na Mwalimu Nyerere, akajiuzulu mwaka 1967 miezi michache baada ya Azimio la Arusha, akaenda kuishi London, na hakurudi mpaka vyama vingi. Au wa karibuni: Nape Nnauye aliondolewa Machi 2017, siku moja baada ya kupokea ripoti ya kamati aliyoiunda kuchunguza uvamizi wa kituo cha utangazaji Dar es Salaam. Miaka miwili na nusu baadaye alikwenda Ikulu kuomba msamaha, na Januari 2022, chini ya Rais mwingine, akawa waziri tena. Nchi hii haikosi watu wanaothubutu. Ila inawalipa kwa viwango viwili, na kila kijana anayeingia siasa anaijua orodha ya bei.

Namkumbuka pia marehemu Dk. Faustine Ndugulile. Mei 2020, katikati ya corona, uteuzi wake wa unaibu waziri wa afya ukatenguliwa. Sitabuni sababu. Nasema tu kwamba alikuwa daktari kabla ya kuwa naibu waziri na alibaki daktari baada ya hapo, na Agosti 2024, mwezi uleule wa mkeka wetu, nchi za Afrika zikamchagua mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda hii. Alifariki Novemba kabla hajashika kiti. Mwenye pa kurudi hukaa kwenye kiti akiwa ameelemea upande mwingine kidogo, na nadhani hata wanaomteua huliona hilo.

Sasa niwatendee haki wale wa upande wa kwanza wa kijiwe. Serikali ambayo kila waziri ana redio yake si serikali. Augustine Mrema, mwaka 1995, alisimama akaishambulia serikali aliyokuwa ndani yake. Umma ulimshangilia, nami kama ningekuwa mkubwa ningeshangilia, lakini hakuna Rais wa chama chochote angeendelea kukaa naye meza moja. Ndani mnabishana, nje mnasema sauti moja, usiyeweza unatoka. Kanuni hiyo naikubali. Tatizo langu nayo ni la mtu aliye nje ya ukuta. Sisi wa kijiweni hatusikii ya ndani. Waziri aliyebishana na Rais saa tatu akashindwa, na waziri ambaye hajawahi kubisha tangu aapishwe, wakitoka mlangoni wanafanana. Wote wanasema "tunamshukuru Mheshimiwa Rais." Njia yangu ya kuwatofautisha ni ya kienyeji: chawa husifu hata lile ambalo hakuna aliyemuuliza.

Na hili la aliyewekwa dhidi ya aliyemweka halikuanza na Ikulu. Pangani ni kilomita hamsini hivi kusini mwa hapa. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani hii kwa kampuni ya Wajerumani. Agosti ofisa wa kampuni, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe Pangani. Liwali wa pale, mtu wa Sultani, akakataa: hajapata amri ya bwana wake. Kila nikipita karibu na ile boma namfikiria. Bwana wake alikwisha saini! Liwali alikuwa mwaminifu kwa Sultani kuliko Sultani mwenyewe, alikuwa ameshika usultani ambao mwenyewe alikwisha kuukodisha. Vita vikaja, Abushiri aliyeviongoza akanyongwa palepale Pangani Desemba 1889, na Wajerumani wakaendelea na maliwali na maakida wao. Akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani aliyepelekwa kutawala wasio wake, chakula chake na cheo chake vinatoka boma. Hakuwa na haja ya kupendwa. Majimaji ilipoanza Matumbi mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufuatwa.

Kuna wanaosema dawa ni bunge kumwidhinisha waziri. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka hivyo, na ikataka waziri asiwe mbunge. Rasimu tunajua ilikoishia. Majirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, wanafanya hivyo tangu Katiba yao ya 2010. Julai 2024 Rais Ruto alivunja karibu baraza lake lote baada ya maandamano ya vijana, mwezi uliofuata bunge likakaa kuwahoji wapya, miongoni mwao wa zamani kadhaa, na likamkataa mmoja tu. Kwa hiyo tusitegemee miujiza. Ila kuna kisa cha Marekani kinachonifanya nisiutupe mpango huo. Oktoba 20, 1973, Rais Nixon alimwamuru Mwanasheria Mkuu wake, Elliot Richardson, amfukuze Archibald Cox, mwendesha mashtaka aliyekuwa akichunguza kashfa ya Rais huyohuyo. Richardson akajiuzulu, naibu wake William Ruckelshaus akakataa naye, wa tatu, Robert Bork, akatekeleza. Richardson alikataa kwa sababu alipokuwa akiidhinishwa aliliahidi Baraza la Seneti kwamba hatamgusa mwendesha mashtaka bila sababu nzito. Alikuwa na amana kwa watu wengine zaidi ya yule aliyemteua. Amri ilipokuja, hakulazimika kutafuta ujasiri ndani ya kifua chake peke yake. Alikuwa na ahadi ya kuegemea.

Sasa habari yangu.

Mwaka 2016 chama chetu cha kufa na kuzikana kilihitaji mweka hazina. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, rafiki wa marehemu baba, mmoja wa walioshuka kaburini kumlaza. Hakuitisha kura. Alinijia nyumbani baada ya Magharibi, akasema, "Mwanangu, daftari hili shika wewe. Baba yako alikuwa mwaminifu." Nikalishika kwa mikono miwili.

Kila nyumba ilikuwa ikitoa elfu mbili kwa mwezi. Zilipofika za kutosha, mwenyekiti akaja na wazo zuri: tununue maturubai yetu na viti, tuache kukodi kila msiba. Muuzaji alikuwa shemeji yake. Nikazunguka mwenyewe madukani, mpaka karibu na soko la Mgandini, nikaandika bei kwenye karatasi. Maduka mawili yalikuwa chini, na turubai lao zito zaidi. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa shati, nikaenda kikaoni.

Mwenyekiti akaeleza. Watu wakaitikia. Akanigeukia mbele ya wote: "Mweka hazina, una neno?"

"Sina, Mzee."

Nimejiuliza miaka yote hii niliogopa nini. Hakuwa na uwezo wa kunifanya chochote. Daftari halina mshahara. Heshima ilikuwemo, ndiyo, ni vigumu kumuumbua mbele za watu mtu aliyemzika baba yako. Lakini kulikuwa na jingine ambalo halinifurahishi kuliandika. Nilikuwa nimeupenda ule mkeka wa mbele. Misibani nilikuwa nakaa naye, watu wakinijia kwa sauti ya chini, wakiniita mheshimiwa kwa utani ambao haukuwa utani wote. Kusema "bei hii si yenyewe" kungenirudisha nyuma kule wanakokaa vijana na viatu.

Mvua za vuli zilipokuja turubai la kwanza lilipasuka katikati ya matanga, maji yakamwagika kwenye sufuria ya wali na mapajani mwa wafiwa. Hakuna aliyemtazama mwenyekiti. Bibi mmoja akakamua kanga yake, akanyoosha kidole: "Daftari si alishika huyu?"

Mwenyekiti amekwisha tangulia, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema, na mpaka leo naamini kama ningemwita pembeni kabla ya kikao nikamwonyesha ile karatasi, angesikia. Huenda angenuna wiki moja. Sikumpa nafasi ya kununa.

Mwezi uliopita mwenyekiti mpya, rika langu, alikuja kuniomba nilishike tena. Nikamwambia nitalishika, lakini jina langu lipelekwe kwa wanachama, wao wanipitishe, na siku nikichafua waniondoe wao. Akacheka mpaka chai ikampalia. "We bwana unataka mweka hazina au unataka ubunge?" Nikamwambia anywe chai. Alipotoka alisema atafikiria, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana jina jingine mfukoni.

Kikao ni Ijumaa baada ya Isha, na Mwalimu ndiye atakayesoma majina. Ile karatasi ya bei bado ninayo, imekunjwa mara nne katikati ya daftari la zamani, wino umeanza kufifia upande wa maturubai.